Dawa Isiyofika Jioni

Sehemu ya tisa

Tulimwacha nesi na mkono ndani ya mfuko wa vifaa wa mdogo wake. Alikuwa anatafuta bisibisi tu, jamani, bisibisi ya kukazia mpini wa mlango, akaibuka na chupa ndogo ya kahawia yenye lebo ya kliniki anayofanya kazi yeye mwenyewe. Na papo hapo mlangoni pakaingia kivuli. Najua baadhi yenu mmenuna wiki nzima. Haya, kununa kumekwisha, tuendelee.

Kivuli kilikuwa cha Koti.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi: Koti ni askari mpelelezi. Ana jina lake la kazini, lakini mtaa mzima unamwita hivyo kwa sababu hata siku ya jua la utosi yeye yumo ndani ya koti la kijivu, mikono mirefu mpaka viganjani. Wakubwa wake wamemtuma atafute nani anavujisha methadoni, ile dawa ya kunywa wanayopewa waraibu wa unga ili mwili utulie bila unga wenyewe. Maana wiki hizi tatu waraibu wanalalamika kwamba dawa haifiki jioni. Mtu anakunywa asubuhi, ikifika alasiri mifupa inauma, kamasi zinamtiririka, arosto imemrudia. Wawili wamesharudia unga. Wa tatu, fundi viatu mmoja mcheshi sana, alirudia mara moja tu, na mara hiyo ikamuua.

Nesi hakuwahi kuwa mwongo. Siku hiyo alijifunza kwa sekunde tatu. Chupa ikazama mfukoni mwa gauni lake la kazi, bisibisi ikatoka kwenye mfuko wa vifaa, naye akageuka na kumwamkia afande kwa adabu zote.

"Umepata ulichokuwa unatafuta, sista?" Koti akauliza.

"Nimepata, afande." Akamwonyesha bisibisi.

Koti aliitazama bisibisi, akautazama mfuko wa gauni, akamtazama nesi usoni. Hakuwa na haraka. Akauliza mdogo wake, fundi wa redio mwenye kibanda, yuko wapi, akajibiwa kaenda kumfungia mteja spika. Akauliza anarudi saa ngapi, akajibiwa mafundi hawana saa. Akajifuta jasho kwa mkono wa koti, akasema kesho kutwa baraza la mji linakaa kuijadili kliniki, na baraza linataka jina la mtu. Aliposema mtu, macho yake yalikuwa kwenye kiti cha fundi.

Alipokwisha ondoka, nesi alikaa kwenye kiti hichohicho kumsubiri mdogo wake.

Mdogo wake alirudi baada ya nusu saa na waya shingoni. Huyu ndiye Antena, mrefu mwembamba, fundi wa redio, tumbo moja na nesi. Miezi kumi na mmoja hajagusa unga. Miezi kumi na mmoja anafika kliniki saa moja asubuhi, anakunywa kikombe chake, anakwenda kazini kama watu. Kabla ya hapo nesi alikuwa anamtafuta kwenye magofu na kumrudisha nyumbani mgongoni, kwa hiyo msimlaumu akiilinda miezi hiyo kama mboni ya jicho.

Nesi aliiweka chupa mezani, katikati ya redio zilizofunguliwa matumbo. Akamwambia kama si yake aseme, naye ataamini.

"Ni yangu," Antena akasema. "Na dawa iliyomo ni yangu. Niliitoa mdomoni."

Hapa nisimame kidogo niwaeleze kazi ya dirishani, maana bila kuijua mtapotea. Mraibu akikabidhiwa kikombe anakunywa mbele ya nesi, kisha lazima aseme kitu. Chochote. Mdomo uliojaa dawa hausemi, na dawa inayofichwa shavuni ndiyo inayokwenda kuuzwa. Basi kila mmoja ana neno lake. Kuna dereva anayetaja majina ya watoto wake wanne, kuna bibi mmoja anayelaani hali ya hewa, kuna jamaa anayesoma matokeo ya mpira hata wiki isiyo na mpira. Lakini zamu ya Antena ilipofika, nesi alikuwa anainamia rejesta na kujifanya anaandika. Aliona haya kumfumbua mdomo mtoto wa mama yake mbele ya foleni nzima. Miezi kumi na mmoja hakumwambia aseme neno hata siku moja.

Antena hakuwahi kuitumia vibaya haya hiyo, mpaka Jumapili iliyopita. Alishika dawa mdomoni, akatoka nje, akaitema kwenye chupa aliyowahi kupewa siku aliposafiri msibani. Siku nzima na usiku wake alitetemeka na kutapika, na nesi akadhani ni malaria. Antena alitaka kumpelekea dawa hiyo mwalimu wa kemia, mteja wake wa redio, aipime kama imepunguzwa.

Nesi alimwuliza kwa nini asimwambie dada yake mwenyewe, dada yake anayefanya kazi hapohapo, anayemimina dawa yenyewe kwa mkono wake. Antena akachukua koleo, akairudisha mezani, akaichukua tena.

"Kwa sababu nilidhani ni wewe," akasema.

Nesi alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, na kilipokwisha machozi yalikuwa yameshafika kidevuni. Yeye alikuwa ametoka kumshuku mdogo wake, na mdogo wake wiki nzima anamshuku yeye, wote wawili wanakula sahani moja kila jioni na kuulizana habari za kutwa. Iliuma sana, sitawaficha.

Kisha Antena akamwuliza swali la kifundi, kwa sababu fundi hatafuti mchawi, anafuata waya. Aliuliza ufunguo wa dada yake wa kabati la dawa huwa unakaa wapi. Nesi akafungua mdomo kusema shingoni. Akaufunga.

Ukweli ni kwamba kabati lile lina kufuli mbili na funguo mbili. Moja anashika nesi, nyingine anashika mfamasia, na kanuni iliyobandikwa ukutani inasema wafungue pamoja na wasimame pamoja mpaka dawa nzito ichanganywe na shira nyekundu na kutiwa kwenye jagi la pampu. Kanuni nzuri kabisa. Lakini foleni ikifika getini na watu wakaanza kupiga kelele, nani ana muda wa kusimama? Kila asubuhi nesi alikuwa anaurusha ufunguo wake juu ya meza na kusema, fungua tu mama, mimi napanga kadi. Mwaka wa pili huo. Nyinyi mnaofanya kazi maofisini msijifanye watakatifu, mnajua ninachosema.

Na aliyekuwa anaudaka ufunguo huo ni Mama Mizani.

Mama Mizani ndiye mfamasia, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, mtu asiyemimina hata maji ya kunywa bila kuyainua usawa wa jicho. Ndiye aliyemfundisha nesi kazi. Ndiye aliyembeba Antena kwenye orodha ya dawa alipokuwa mifupa mitupu. Kumshuku yeye ni kama kumshuku mama mzazi, na nesi alilala na shuku hiyo, akaamka nayo, akaenda nayo kazini.

Jumatano asubuhi Mama Mizani alinyoosha mkono kama kawaida bila kuangalia. Hakuna kilichotua.

"Leo nafungua mwenyewe, mama," nesi akasema.

Mkono ule ulibaki hewani muda mrefu kidogo kuliko inavyopasa. Kisha Mama Mizani akasema ni vizuri, ndiyo kanuni, akatoa ufunguo wake. Wakafungua pamoja. Nesi akasimama, mikono nyuma, macho yamemtoka. Dawa nzito ikapimwa yote, tone kwa tone. Shira ikaongezwa kwa kipimo chake. Nesi alihesabu mara mbili na hakuona kosa hata la kusingizia. Alitaka kuomba radhi. Lakini Mama Mizani alikuwa ameitazama saa ya ukutani mara tatu.

Daktari wa kliniki alipita, akachungulia, akamwona nesi amesimama pale asiposimama siku zote. Uso ukambadilika. Hakusalimia. Akarudi ofisini kwake na kufunga mlango, yeye ambaye mlango wake hufungwa na upepo tu. Nesi akajisemea, kumbe wako wawili.

Alimimina dawa mpaka dirisha likafungwa saa sita. Akaaga kwa sauti kwamba anakwenda kula. Akatoka getini, akazunguka nyuma ya jengo, akapita kwenye kichochoro cha mapipa. Kliniki ile ipo kwenye jengo la zamani la kufulia mashuka ya hospitali, na upande wa nyuma kuna mlango wa mbao ambao siku zote alidhani umepigwa misumari. Misumari ilikuwepo kweli. Vichwa tu.

Aliusukuma.

Ndani, kwenye yale mabeseni marefu ya saruji ya kufulia, watu walikuwa wamekaa wamejipanga. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Kuli mmoja mwenye kovu shavuni. Mzee aliyevaa tai. Wengine walikuwa wamejikunja wameshika matumbo. Mbele yao alisimama Daktari na daftari la shule mkononi, na kando yake Mama Mizani anawaambia kwa sauti ya chini kwamba leo hakuna, wavumilie, leo hakuna kabisa. Hakuna aliyebisha. Mwanamke yule alianza tu kulia, na mtoto naye akalia.

Nesi alielewa kila kitu kwa mkupuo mmoja. Kila asubuhi ufunguo wake ulipodakwa, sehemu ya dawa iliwekwa pembeni na pengo likajazwa shira. Dirishani wameandikishwa watu mia moja thelathini na wawili. Dawa yao ilikuwa inawanywesha hawa pia.

Aliuliza hawa ni nani. Daktari akajibu kwa uchovu kwamba ni wenye kesi. Nesi aliijua kanuni, alikuwa ameisoma kwa sauti mara ngapi dirishani: mwenye kesi ya unga haandikishwi kwenye dawa mpaka kesi iishe na polisi watoe barua, na aliyeandikishwa akikutwa na kesi anafutwa siku hiyohiyo. Barua yenyewe inachukua miezi saba, minane. Mtu mgonjwa anaambiwa apone kwanza ndipo atibiwe.

"Fundi viatu amekufa, mama," nesi akamwambia Mama Mizani. "Dawa yake haikufika jioni. Amekufa."

"Najua. Nilikwenda kumzika." Mama Mizani alivua miwani. "Na waliokuwa wanafia nje ya mlango huu kabla sijaanza, mwanangu, wewe ulimzika nani?"

 Nesi alikuwa na hasira, na hasira ile haikupata pa kukaa, kwa sababu kila alipoielekeza ilikuta mtu anayetetemeka.

Mwisho kabisa wa beseni alikaa mtu aliyegeukia ukuta. Shati limelowa mgongoni, mikono ya shati imekunjwa, na kwenye mikono yake, kuanzia kiwiko kushuka, alama za sindano zimepangana, kuukuu juu ya kuukuu. Kando yake, limekunjwa vizuri, lilikuwepo koti la kijivu.

Haya, pumueni.

Koti aligeuka taratibu. Hakujaribu kujificha. Meno yalikuwa yanagongana, na alizungumza akiyabana. Akasema askari akijiandikisha dirishani kwa nesi, jioni hana kazi, na asubuhi anavikwa pingu na mtu aliyekuwa anakula naye. Akasema yeye hakuomba kupewa upelelezi huu. Akasema kesho baraza likikosa jina litaamuru jengo lipekuliwe, na wakipekua watausukuma mlango huu kama yeye alivyousukuma.

"Ile chupa ninayo akilini, sista," akamalizia. "Sijaiandika bado. Usinilazimishe."

Kilikuwa kitisho au kilikuwa kilio? Nesi hakujua, na mimi niliyemfuata tangu sehemu ya kwanza sijui. Alitoka bila kuaga. Nyuma yake alimsikia Daktari akisoma majina kwenye daftari lile ili kujua nani apelekwe kitandani kwanza. Yalikuwa kumi na tisa, na la mwisho lilikuwa la afande.

Alasiri alimsimulia Antena yote, kibandani, redio zote zimezimwa. Alitegemea mdogo wake atawaka. Ni dawa yake iliyopunguzwa, ni yeye aliyerudiwa na maumivu, fundi viatu alikuwa rafiki yake wa kucheza bao. Antena alisikiliza tu, anakwangua risasi iliyoganda kwenye ncha ya pasi ya kulehemu.

Lakini kuna kitu nesi alikisahau, na nyinyi nawakumbusha. Kibanda kile Antena alikipanga na mwenzake; walikuwa wakivuta pamoja na wakaapa kuacha pamoja. Wote wawili walikuwa na kesi. Wakasubiri barua pamoja. Ya Antena ilitoka mwezi wa saba. Ya mwenzake ilitoka mwezi wa nane, ikaletwa kibandani na tarishi, wiki mbili baada ya maziko.

Antena aliuliza jambo moja tu, wako wangapi. Nesi akamwambia. Antena akarudia, kumi na tisa, akaendelea kukwangua.

Alhamisi asubuhi foleni ilikuwa na uchangamfu ambao haukuonekana wiki tatu. Watu walimwambia nesi kwamba jana imefika, jana tumelala. Yule bibi alisahau hata kulaani hali ya hewa. Nesi aliitikia bila kuinua macho, maana alijua waliolala jana wamelala usingizi wa nani. Antena alipokunywa, nesi safari hii alimkazia macho na kumwambia aseme kitu. Antena akasema kwa sauti, foleni nzima isikie, kwamba dada yake leo kavaa viatu visivyofanana. Nesi alitazama chini, na kweli. Watu walicheka mpaka mlinzi akaja.

Saa nane mchana baraza likakaa.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Nesi aliambiwa aje na rejesta ya dawa, akakalishwa mbele, rejesta mapajani. Diwani mmoja mnene wa sauti alianza kwa kusema kliniki ile ni kilabu cha serikali, tumewafungia wauza unga halafu sisi tunagawa ulevi kwa kikombe, tofauti iko wapi? Nusu ya ukumbi ikapiga makofi. Mwenye duka la mabati akasimama bila ruhusa akasema tofauti iko kwenye paa lake, maana tangu kliniki ifunguliwe halijaibwa hata bati moja. Nusu nyingine ikapiga makofi. Baba mmoja akasema mwanawe alitiwa ndani na jela ndiyo iliyomponya. Jirani yake akamtolea uvivu, akamwambia aseme basi mtoto huyo yuko wapi sasa hivi, na baba yule akakaa chini.

Daktari alizungumza vizuri, alizungumza kwa takwimu, na kila takwimu nesi alimwangalia kwa jicho la pembe. Mtu mwema anayedanganya anasemaje? Kumbe anasema kama mtu mwema mwingine yeyote.

Kisha akasimama mjane wa fundi viatu. Hakutukana mtu. Alisema mumewe alikuwa anakunywa dawa kila siku, hakuruka hata moja, yeye mwenyewe alikuwa anamsindikiza mpaka getini. Akauliza kwa nini basi alirudi kwenye unga. Akasimama pale anasubiri ajibiwe. Mama Mizani alikuwa kiti cha tatu kutoka kwake, na nesi aliona vidole vyake vikiusokota uzi wa miwani mpaka ukakatika.

Mwenyekiti wa baraza, mama mmoja mkavu asiyependa mizunguko, akagonga meza. Alisema dawa inavuja, hilo halina mjadala tena. Kama anayeivujisha ni mtu mmoja, baraza litashughulika na mtu mmoja na kliniki itaendelea. Kama hajulikani, jengo lifungwe leo na kupekuliwa, watu mia moja thelathini na wawili watajua pa kwenda. Akamgeukia Koti, akamwuliza ana jina au hana.

Koti alisimama. Leo koti lake lilikuwa limefungwa mpaka kifungo cha juu. Alifungua daftari lake, akaanza kugeuza kurasa. Jina la mwenye chupa ile lilikuwepo au halikuwepo? Hatutajua, kwa sababu hakuwahi kusoma.

"Ni mimi," sauti ikasema kutoka nyuma.

Antena alikuwa amesimama juu ya benchi, kichwa kinakaribia taa. Alisema anashika dawa mdomoni kila asubuhi na kwenda kuiuza. Akasema amewafundisha wengine wawili watatu, ndiyo maana wanaumwa. Akasema dada yake alikuwa anamwonea haya, hakuwahi kumwambia afungue mdomo, waulizeni watu wa foleni. Na watu wa foleni waliokuwepo wakatazamana, kwa sababu hilo la mwisho lilikuwa kweli na kila mmoja alilijua.

Uwongo wake aliufunga kwa ukweli mmoja, na ukashika barabara.

Ukumbi ulilipuka. Diwani alikuwa anapiga kelele nilisema, nilisema. Mjane wa fundi viatu alimwendea Antena akamtemea mate kifuani, na Antena hakujifuta.  Nesi alimtazama Daktari, Daktari alitazama sakafu. Alimtazama Mama Mizani, Mama Mizani alikuwa anatikisa kichwa taratibu, midomo inacheza bila sauti, na nesi hakuweza kujua kama anasema hapana au anasema asante.

Je, walikuwa wamepanga? Wazo hilo lilimchoma. Jana jioni Antena alitoka dakika ishirini akasema anafuata betri. Alirudi bila betri.

Mwenyekiti akamwamuru Koti afanye kazi yake. Koti akapita katikati ya watu, akamshusha Antena kwenye benchi kwa kumshika kiwiko kama anayemsaidia mzee, akafunga pingu. Mikono yake ilitetemeka kiasi kwamba kufuli iligoma mara mbili, na Antena akamsogezea mkono imrahisikie. Hawakutazamana.

"Kliniki inaendelea," mwenyekiti akasema. "Huyu ana kesi sasa. Kanuni ni ileile. Nesi, rejesta unayo?"

Alikuwa nayo.

"Mfute. Mbele yetu hapa, tumalize."

Karani akamsukumia kalamu nyekundu juu ya meza. Nesi alifungua ukurasa. Jina la mdogo wake lilikuwa mstari wa arobaini na saba, kwa mwandiko wake mwenyewe wa miezi kumi na mmoja nyuma, siku ambayo alibonyeza kalamu kwa furaha mpaka wino ukavujia mstari wa chini. Antena alikuwa amekunywa leo saa moja asubuhi. Kesho saa moja dirisha litafunguka na yeye hatakuwepo. Kesho kutwa atakuwa kwenye sakafu ya mahabusu amejikunja. Baada ya hapo nesi hakutaka kuhesabu, kwa sababu wanaotoka mahabusu na mwili uliosahau unga wanarudia dozi ya zamani, na alikuwa ameshawaona wangapi.

Akinyamaza, mdogo wake amekwisha. Akisema, jengo linafungwa, na mdogo wake amekwisha pamoja na mia moja thelathini na mmoja wengine. Antena alijua hivyo. Ndiyo maana alikuwa anamtazama dada yake kutoka kule mlangoni na kumwomba kwa macho tu kwamba afute.

Nesi aliigusisha kalamu kwenye mstari wa arobaini na saba. Nukta nyekundu ikabaki pale.

Kisha akageuza kurasa, akapita majina yote, mpaka mwisho wa orodha, kwenye mistari ambayo haijaandikwa. Akaisimamisha kalamu mstari wa kwanza mtupu.

"Mheshimiwa mwenyekiti," akasema. "Kabla sijafuta mtu, kuna watu kumi na tisa sijawaandika. Nitayataja majina yao."

Koti akauachia mkono wa Antena.